Kilo Mbili za Mbwa, Gunia la Kazi

Haya, sogeeni huku kivulini. Kahawa ya tangawizi ipo, kashata zipo, na leo Simba na Yanga tunaziweka kando kwanza, maana kijiwe chetu cha Mikocheni kimepata habari ya kukigawa mapande mawili: mbwa. Tena si jibwa la kulinda ghala. Mbwa wa kilo mbili na ushee, manyoya rangi ya chungwa, pua imechongoka, masikio madogo yamesimama wima, mkia umelalia mgongoni. Anaitwa Pomeranian, wenye naye wanamkatisha, wanamwita Pom. Fundi viatu alipomwona mara ya kwanza alisonya msonyo mrefu, dereva wa bajaji akashuka kukagua tairi lipi limetoka upepo.

Mwenye mbwa ni bosi wa nyumba ya geti jeusi. Kamnunulia bintiye wa darasa la tatu, zawadi ya siku ya kuzaliwa. Haya tumeyapata kwa askari wa getini, ambaye kwa habari za nyumba ile hana mpinzani. Lakini bosi mwenyewe hatujawahi kumwona na mbwa. Binti tulimwona siku za mwanzo, akapigwa picha naye, basi. Anayepita hapa asubuhi na jioni ni dada wa kazi, mbwa mkono huu, kikapu cha sokoni mkono ule.

"Watoto wetu wanasimama kwenye daladala mpaka Mbagala," fundi akaanza, "mbwa anabebwa kifuani. Mnh! Dunia imeisha."

"Na bei yake ukiisikia hiyo sindano utaitupa," akadakia kijana wa bodaboda. "Ati unapata pikipiki ya mkononi na chenji ya helmeti."

Nyoo! Mimi bei hainisumbui. Mtu na hela yake. Kuna anayezimalizia kwenye mikeka ya kubeti, kuna anayenunua viatu vya kutembelea kwenye zulia. Ninalolisonyea mimi ni jingine, na nitalisema mpaka birika likauke: kiumbe yule hakujipunguza mwenyewe. Watu ndio waliomfanya awe mdogo vile kwa raha zao, na kila kilichokuja na udogo huo, kuanzia jino hadi goti, ni kazi ambayo lazima mtu aifanye. Swali ni mtu yupi.

Kwanza tumalize la asili yake, maana hapo palizuka zogo. Kijana wetu wa chipsi, Mnyalukolo wa Kilolo, aliposikia jina aliruka: "Huyo mbwa wa kwetu! Pommern si iko kule kwetu Iringa?" Kijiwe kikaangua kicheko. Mwalimu, mstaafu wa historia asiyecheka hovyo, akatunyamazisha. Akasema kijana hakukosea sana. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani ndio walioanzisha misheni pale Pommern, na jina walilitoa kwao: Pomerania, nchi ya ufukwe wa kusini wa bahari ya Baltiki, ambayo leo sehemu yake kubwa iko Poland na nyingine Ujerumani. Mbwa naye jina kalitoa hukohuko. Kwa hiyo hawa wawili, kijiji na mbwa, wana ujombani kumoja.

"Ila ukoo wake unatoka kaskazini zaidi," Mwalimu akaendelea. "Ni wale mbwa wa nchi za barafu, waliovuta mizigo juu ya theluji na kuchunga mifugo."

"Huyu avute mzigo?" fundi akauliza, uzi ukiwa mdomoni.

"Huyu hapana. Mababu zake."

Kisha akatupa darasa. Mwaka 1767 Malkia Charlotte, Mjerumani aliyeolewa na Mfalme George wa Tatu wa Uingereza, alipata wawili wa aina hii, Phoebe na Mercury. Mchoraji Thomas Gainsborough aliwachora mbwa wa namna hiyo miaka ile, na ukizitazama picha zake unamwona mbwa mwenye kimo, wa kutembea na miguu yake mwenyewe. Miaka zaidi ya mia baadaye, 1888, Malkia Victoria akiwa Florence kule Italia akampata mmoja aitwaye Marco, mdogo kuliko waliozoeleka. Akampenda. Akaanza kuwazalisha, na mwaka 1891 akawapeleka kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, London. Sasa malkia akishapenda kitu, wake za matajiri watalala? Kila mzalishaji akawa anachagua wale wadogo, anawapandisha kwa wadogo wenzao, na hao wakizaa anachagua tena wadogo. Ndani ya umri wa bibi mmoja, mbwa akapungua karibu nusu. Victoria alipokuwa anakata roho, Januari 1901, mbwa wake Turi alikuwa naye kitandani.

"Kitandani?" akauliza Mzee wa kahawa, birika likasimama hewani. "Astaghfirullah."

Kijana wa bodaboda, ambaye filamu ya Titanic anaijua kuliko njia ya Goba, akataka kujua kama mle melini kulikuwa na mbwa. Walikuwemo, Mwalimu akasema, na mwaka 1912 meli ilipozama walinusurika watatu tu: wawili Pom na mmoja Pekingese. Waliponea udogo, kwani walibebeka mikononi hadi kwenye mashua za kuokolea. Fundi akakiri kwa shingo upande kwamba hapo udogo umelipa.

Na kabla hamjasema hili ni jambo la Wazungu kuharibu kazi ya Mungu, Mwalimu alikuwa na moja la mwisho. Mwaka 2022 watafiti wa vinasaba walitangaza kwamba badiliko linalochangia sana umbo dogo la mbwa, lililoko kwenye jeni iitwayo IGF1, lilikuwepo tayari kwa mbwa mwitu aliyeishi Siberia zaidi ya miaka 50,000 iliyopita. Yaani mbegu ya udogo ilikuwepo porini tangu zamani, lakini kule mdogo hana soko. Soko tumempa sisi.

Sasa twende kwenye tabu zenyewe. Hapa namwachia uwanja Dokta wetu, kijana aliyesomea mifugo SUA, Morogoro, ambaye ana duka la dawa za mifugo pale kona. Dada alipopita siku moja Dokta alimwomba amfungue mbwa mdomo, akatuita tusogee. Tukaona meno yamesongamana, mengine yamekaa upande, na juu kulikuwa na chonge mbili zimepangana sehemu moja, ya utotoni na ya ukubwani.

"Mbwa mwitu ana meno 42 akikua," Dokta akasema. "Yule mbwa wa polisi ana meno 42. Na huyu naye ana 42. Taya wamelipunguza, idadi ya meno wameiacha palepale."

Ehe! Mnaona kazi ya watu? Meno yakisongamana, chakula kinanasa, ukoga unaganda, fizi zinaoza, na mbwa wa umri wa miaka mitano anaanza kupukutika meno huku bosi akishangaa kwa nini ananuka mdomo. Tiba ni kumswaki, kila siku ikiwezekana, kwa mswaki mdogo laini na dawa ya meno ya mbwa, si hii yetu ya povu, maana yeye hajui kutema. Meno 28 ya utotoni yakigoma kutoka yenyewe, daktari ayang'oe. Dada akauliza kwa upole, "Hiyo dawa ya meno ya mbwa nani atanunua?" Kumbe utepe wa kumfunga kichwani ulishanunuliwa, wa rangi tatu. Mswaki bado. Mxiuu!

La pili ni joto. Mnaijua Dar ya Januari, shati linakulowa ukiwa umekaa. Mbwa hana jasho la mwili mzima. Kidogo linatoka kwenye nyayo, na kazi kubwa ya kupoza mwili anaifanya kwa kuhema. Halafu huyu ni mtoto wa ukoo wa barafu, amevaa makoti mawili: manyoya mafupi ya pamba yaliyojaa chini, na marefu magumu juu. Unyevu wa pwani ukiwa mwingi, kule kuhema nako hakumsaidii sana.

Basi mchana mmoja wa jua kali dada katumwa dukani, na ameambiwa mbwa naye akafanye mazoezi. Wakafika hapa usawa wa kijiwe, mbwa akagoma. Miguu ameitanua, ulimi umetoka wote na wekundu wake si wa kawaida, mate mazito yananing'inia, macho yanakutazama hayakuoni. Fundi, huyuhuyu msonyaji mkuu, ndiye aliyerusha nyundo na kumkimbilia. Dokta akamlaza kivulini, akammwagia maji ya bomba tumboni, mapajani na kwenye nyayo, kijana wa chipsi akampepea kwa ubao wa drafti, kete zikasambaa mtaroni. Joto la mbwa mzima wa afya ni kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo. Likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika, na hapo hata akisimama tena lazima apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.

Alipona. Dokta akamfundisha dada jambo dogo: kabla ya kumshusha mbwa, weka nyuma ya kiganja chako kwenye lami. Ukishindwa kuhesabu mpaka saba, nyayo zake nazo haziwezi. Atembezwe alfajiri na baada ya magharibi, dakika chache zinamtosha, na maji ya kunywa yawepo muda wote.

Bosi aliposikia, akatoa suluhisho la kibosi: anyolewe! Apelekwe saluni, akate yote, apate upepo. Jamani. Dokta alipanda hadi getini mwenyewe kuzuia. Pom hanyolewi kipara. Yale manyoya marefu ndiyo kivuli chake, yanamkinga ngozi na jua, na ukishayakata mpaka chini kuna wengine hayaoti tena sawasawa: yanarudi kwa mabaka, au pamba ya chini inarudi peke yake na marefu ya juu hayaji kwa miezi mingi. Aina hii tayari ina ugonjwa wake wa kupoteza manyoya na kubaki na ngozi nyeusi mgongoni. Usiutafute kwa mashine. Kupunguza kidogo nyayoni na sehemu za nyuma kwa ajili ya usafi, sawa. Zaidi ya hapo mwache, kazi yako ni kuchana.

Na kuchana kwenyewe si kupitisha brashi juu juu mbwa akang'aa ukamaliza. Nimekaa nikamtazama dada akiifanya pale kwenye benchi, baada ya kuelekezwa. Anamlaza ubavu. Anayapuliza manyoya mpaka ngozi ionekane, anatenga mstari, anayashika ya juu kwa kiganja, halafu anachana yale ya chini kidogokidogo kutoka kwenye ngozi kuja nje. Akimaliza mstari huo anashusha mwingine. Anapita nyuma ya masikio, kwapani na mapajani, maana huko ndiko mafundo yanakojificha. Mara mbili au tatu kwa wiki, na kipindi cha kupukutisha ni kila siku. Akimwogesha kila baada ya wiki tatu, nne, lazima amkaushe mpaka ngozini, la sivyo unyevu unabaki ndani ya ile pamba na kwa hali ya hewa yetu vidonda vya ngozi haviko mbali. Hiyo ni karibu saa nzima ya mtu. Saa hiyo imekatwa kwenye usingizi wa nani? Si wa bosi.

Tukija kwenye tumbo, ndipo nikajua kilo mbili ni hesabu ya hatari. Mtoto wa mbwa huyu hana akiba mwilini. Akikosa kula kwa masaa kadhaa sukari inashuka. Utamwona anayumba, anatetemeka, anapoa, analegea, na anaweza kufa ukidhani amelala. Kwa hiyo akiwa mdogo analishwa mara tatu hadi nne kwa siku, kidogokidogo, na nyumba iwe na asali au sukari karibu: unampaka kwenye fizi, unakimbia naye kwa daktari. Ugali na dagaa peke yake havimtoshi. Makombo ya meza nayo yana mitego. Chokoleti, zabibu, vitunguu na zile bazoka zisizo na sukari ni sumu kwake, na mfupa wa kuku uliopikwa unavunjika vichongevichonge.

Ila lililomtoa Dokta machozi ni la dawa. Kuna mtu kule ndani, hatajwi, aliona mbwa hana raha akataka kumpa kidonge cha parasetamoli. Piga hesabu: kidonge kimoja kina miligramu 500. Wewe wa kilo sabini unameza viwili unaenda kazini. Kwa mwili wa kilo mbili, kimoja tu ni mara thelathini na tano ya kile unachokipata wewe kwa kidonge kimoja ukigawa kwa kilo. Ini lake haliwezi. Na kupe wakionekana, msimkorogee dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukadiria na kizibo. Dawa nyingine za kupe mbwa wadogo wanazihisi mara moja, wanalegea. Kupe wenyewe msiwadharau, wanaleta homa inayomaliza damu. Ila dawa yao ipo ya mbwa, inapimwa kwa kilo zake. Mpimeni kwanza.

Haya, shingo. Pom ana koo jepesi. Yale mapete ya koromeo yanalegea, bomba la hewa linabonyea, na unamsikia anakohoa kikavu kwa mfululizo kila akifurahi au kila kamba ikivutwa. Kwa hiyo kola ibaki ya kuning'iniza jina. Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani. Na asinenepe. Kuna la magoti pia: kile kifuniko cha goti la nyuma kinateleza kutoka mahali pake. Utamwona anatembea vizuri, ghafla mguu mmoja wa nyuma anaukunja hewani, anaruka hatua mbili, anaushusha tena kana kwamba hakuna kitu. Watoto wanacheka, ati anacheza singeli. Si singeli, ni goti.

Mifupa ya mikono ni myembamba, na kuruka kutoka kwenye sofa au kumponyoka mtoto kunatosha kuivunja. Binti wa darasa la tatu afundishwe kumchukua akiwa amekaa chini sakafuni, kiganja kimoja chini ya kifua, kingine kikishika makalio. Nyumba yenye watoto wa miaka miwili, mitatu, Dokta alisema wazi, imwache kabisa mbwa huyu. Mtoto wa umri huo hana nia mbaya. Ana mikono tu.

Hapo fundi akapata upenyo: "Sasa mbwa asiyeruka, asiyekimbia, asiyekula makombo, faida yake nini?"

Askari wa getini akamkatiza. Faida anayo. Tangu aje, askari halali kwa amani, kwani mende akipita kwenye mabati yule mbwa anatangaza. Ana kelele! Kichwani mwake yeye ni mbwa wa kilo thelathini. Anamkabili bulldog wa jirani kupitia uwazi wa geti, na siku geti likiachwa wazi tutamzika, maana bulldog hajui mzaha. Dokta anasema akili anayo nyingi, anashika haraka: kukaa, kuja, kunyamaza, kujisaidia mahali pamoja. Tatizo ni wenyewe. Jibwa kubwa likibweka na kung'ata suruali ya mgeni linafundishwa adabu. Mdogo akifanya hivyo wanasema "jamani, mzuri huyo" na wanampa kipande cha nyama. Halafu baada ya mwaka wanalalamika ana kiburi. Mlimlipa mshahara wa kiburi, mlitegemea nini? Anyamazishwe kwa kutulizwa na kuzawadiwa anapokaa kimya, tangu mdogo, na watu wote wa nyumba wafuate sheria moja.

Mzee wa kahawa alikuwa kimya muda mrefu. Alipofungua mdomo alitupeleka mahali ambapo hatukuwa tumefika. "Huyo binti anayembeba," akasema, "ni wa Tanga. Anaswali."

Kijiwe kikatulia. Maana kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi hapa pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito. Alipogusa panaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Na huyu binti anamswaki mbwa meno, anamfuta mate, anamkausha maji, mchana kutwa. Bosi alipokuwa anaagiza mbwa kwa simu, aliwahi kumuuliza binti wa watu kama kazi hiyo anaiweza na ibada yake? Aliongeza hata senti kwenye mshahara? Askari akatikisa kichwa. Hapo nilisonya mimi, na kijiwe kizima kikaniunga mkono.

"Lakini mbwa hana kosa," Mzee akaendelea. Akatukumbusha yule mtu wa kwenye hadithi ya Mtume aliyemkuta mbwa analamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha, Mungu akamsamehe dhambi zake. Fundi viatu aliposikia kiatu aliinua macho. "Mnyama akishakuwa mkononi mwako," Mzee akasema, "kiu yake umeibeba wewe. Wewe uliyemchukua. Si mjakazi wako."

Nadhani hapo ndipo tungefunga, lakini Dokta ana tabia ya kutibua. Akageuka na kutazama chini ya benchi la fundi, ambako analala Simba, mbwa koko wetu, mlinzi wa kijiwe asiye na mkataba. "Huyu je, nani amempeleka chanjo?"

Kimya. Kila mtu akaona kikombe chake kina sukari ya kukoroga.

Tulikuwa tumemsonya bosi saa nzima, na mbwa tunayemtupia mifupa kila siku hana hata chanjo ya kichaa. Yule Pom wa geti jeusi, kwa hilo tumtendee bosi haki, cheti anacho: chanjo za mwanzo alizipata tangu wiki za sita hadi nane, zikarudiwa mpaka miezi minne, ya kichaa cha mbwa akapata alipofikisha miezi mitatu, na minyoo anatibiwa. Kichaa cha mbwa hakichagui manyoya. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Ukiumwa na mbwa, kidonda unakiosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha unakwenda hospitali mbio ukachomwe sindano, huendi kwanza kwa mganga. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikuandikwa kwa ajili ya mbwa wa milioni peke yake. Ikabidi tuchange pale pale. Fundi alitoa wa kwanza, bila kusonya.

Bado wauzaji, na hao wasikie. Siku hizi wanawanadi "mbwa wa kikombe", ati hawakui, unamweka kwenye kikombe cha chai. Hakuna aina hiyo. Kuna Pom, ambaye akikua ana kilo kati ya moja na nusu na tatu hivi, na kuna mtoto aliyezaliwa dhaifu, au aliyeachishwa ziwa mapema ili aonekane mdogo sokoni. Mtoto wa mbwa asiondoke kwa mama kabla ya wiki nane, na hawa wadogo ni heri wafikishe kumi, kumi na mbili. Muuzaji asiyekubali umwone mama, mwambie kwaheri. Na wewe unayetaka dume na jike uanzishe biashara chumbani, jua kwamba jike mdogo huyu anazaa wachache, mara nyingi kwa shida, na upasuaji wa kumtoa watoto unaweza kula faida yote na mama mwenyewe.

Jingine litakalowaepusha na ugomvi: akifika miezi minne hadi sita manyoya ya utoto yanapukutika, mbwa anabaki amekonda uso, miguu mirefu, manyoya matatu hapa, manne pale. Bosi wetu alipiga simu anataka kurudishiwa hela, kauziwa koko! Hakuuziwa koko. Ni ujana tu. Koti la ukubwani linakuja lenyewe, polepole.

Sasa hesabu ya mwisho, na hii nawaomba muifanye kabla hamjatuma hela. Pom akitunzwa anaishi miaka 12 hadi 16. Binti wa darasa la tatu atamaliza shule ya msingi, atamaliza kidato cha sita, atakwenda chuo, na mbwa bado yupo, ameishiwa meno, macho yana ukungu, anataka kuchanwa kama kawaida. Dada wa kazi hatakuwepo. Ataolewa, atarudi Tanga, au atapata pa kulipwa vizuri zaidi, na namwombea. Kwa hiyo kaa na mwenzako mezani, taja kwa jina mtu atakayemswaki meno huyo mbwa mwaka wa tisa. Kama jina linalokuja ni la mtu unayemlipa mshahara na hujamuuliza, mnunulie mtoto baiskeli.